"Hakuna Matata" ni ya Nani?
Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajili maneno "Hakuna Matata" huko Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye fulana. Mwaka 2018 watu wakachachamaa mitandaoni: tumeibiwa lugha! Hasira tunaielewa, lakini twende taratibu. Alama hiyo haimzuii mtu kutamka neno. Inahusu nguo zinazouzwa kwa chapa hiyo, tena huko huko Marekani. Anayechapa fulana Darajani, Unguja, haimgusi.

Ila mpaka huo, wa alama kulindwa pale tu iliposajiliwa, unatubana hata sisi. Wewe unayefunga iliki Kariakoo, Dar es Salaam, kwa lebo uliyoisajili BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, ukipanda boti kwenda Unguja, usajili wako unabaki bandarini. Kule wanaosajili ni BPRA, wakala wa Zanzibar: fomu nyingine, ada nyingine.