Bwawa Jipya na Starehe Zake

Wazee wetu na ndugu zetu wa Handeni na Korogwe,

Likitajwa bwawa jipya, vijana hufikiri mashua, ndoana na kuogelea. Si vibaya, lakini yatupasa kupima kwanza. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 upande wa juu wa mto Pangani kwa ajili ya umeme na kilimo, liliwavuta wavuvi wengi. Basi bwawa letu tulipime wakati wa kiangazi, si wa masika: maji yakipungua, mashua itaelea wapi? Tena katika maji yaliyotuama huweza kukaa konokono wabebao kichocho. Kuogelea humo ni hatari. Kwanza mitungi ijae, ng'ombe wanyweshwe mahali pao mbali. Kisha tuvue samaki na kupumzika kivulini ukingoni. Starehe hiyo yatutosha, wala hapana mama atakayekosa maji kwa ajili yake.