Askari Walio Ndani ya Ubongo

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa vikundi vinavyopenda kusoma pamoja siku ya mkutano.



Tumeombwa tuzungumze juu ya mzee anayesahau. Hatusemi yule aliyesahau alikoweka miwani yake. Hilo hata vijana wanalo. Tunamsema mama aliyepika ugali miaka hamsini, na leo anasimama mbele ya jiko hajui aanzie wapi. Tunamsema mzee anayetoka usiku kwenda choo, akapatikana asubuhi katika shamba la jirani, na akiulizwa anasema anatafuta nyumba ya babake aliyekufa zamani. Madaktari huiita hali hii dimenshia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Kwa hiyo tusidanganyane ati huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1996 wataalamu walichapisha habari za uchunguzi wa bongo za wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila kuonyesha dalili za ugonjwa. Katika baadhi ya bongo hizo walikuta uchafu ule ule unaokutwa Ulaya na Marekani.

Uchafu gani? Hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Mwaka 1901 mama mmoja wa miaka 51, jina lake Auguste Deter, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa akisahau, akimshuku mumewe, na hakuweza kuandika jina lake mpaka mwisho. Daktari Alois Alzheimer alimchunguza, na mama huyo alipofariki mwaka 1906 daktari aliutazama ubongo wake kwa darubini. Aliona mabonge ya takataka kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Siku hizi tunajua kwamba mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Ugonjwa ukapewa jina la daktari, na ndio unaosababisha dimenshia kwa wagonjwa wengi zaidi.

Lakini hebu tuulize kama vile mkulima angeuliza: takataka zikijaa uani, mwenye kufagia alikuwa wapi?

Ubongo una wafagiaji wake. Una askari wake pia, nao ni wale wale. Ni seli ndogo zenye matawi mengi, na katika kila seli 100 za ubongo, hizi ni kama 5 hadi 10. Mwanasayansi wa Uhispania, Pío del Río-Hortega, ndiye aliyezitenga na nyingine na kuzipa jina la mikroglia mwaka 1919. Kwa Kigiriki maana yake ni kama gundi ndogo. Kwa maoni yetu jina hilo halifai, maana seli hizi hazigandishi kitu. Sisi tutaziita askari.

Askari hawa huingia ubongoni mapema sana, mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, wakakaa huko na kuzaana huko huko. Mwaka 2005 wataalamu walitazama ubongo wa panya aliye hai kwa darubini ya pekee. Walidhani askari hulala mpaka waitwe. Kumbe sivyo. Mwili wa seli ulitulia mahali pake, lakini matawi yake yalikuwa yakinyooka na kurudi bila kupumzika, yakigusa huku na kule, kama bawabu anayezungusha tochi usiku kucha. Kukitokea jeraha dogo, matawi ya askari wa karibu huelekea pale kwa dakika chache tu.

Kazi yao ya kwanza ni kula mizoga ya seli na takataka. Ya pili ni kupigana na viini vya magonjwa. Ya tatu wakulima wa kahawa wataielewa upesi: ni kupogoa. Seli za ubongo huzungumza kupitia maungio madogo, na mtoto huwa nayo mengi kuliko anayohitaji. Askari hukata yale yasiyotumika ili yaliyobaki yapate nguvu.

Sasa shida inatokea wapi? Wataalamu wamebishana miaka mingi, na jibu linaonekana kuwa na pande mbili.

Upande mmoja ni askari mlegevu. Mwishoni mwa mwaka 2012 makundi mawili ya wataalamu, moja likiwa la Iceland, yalitangaza kwamba kuna watu wachache wanaozaliwa na kasoro katika kiungo cha askari kinachoitwa TREM2. Hicho ni kama kiganja cha kushikia takataka. Watu hao wana hatari ya kupata Alzheimer karibu mara tatu kuliko wengine. Tunaona jambo hili ni kubwa, maana linaonyesha kwamba askari wana mkono wao katika kuanza kwa ugonjwa. Hawaji tu baadaye kama watu wa matanga.

Upande wa pili ni askari mkali kupita kiasi. Akizungukwa na amiloidi miaka na miaka asiweze kuimaliza, anakuwa kama mlinzi aliyechoka na kukasirika, anapiga rungu hata wenye nyumba. Anatoa kemikali zinazoumiza seli nzima. Anarudia ile kazi ya kupogoa wakati ambapo msimu wake umepita: mwaka 2016 ilionekana kwa panya kwamba askari walikuwa wakila maungio mazuri kabla hata mabonge hayajajitokeza.

Mtu atasema, basi si tuwanyamazishe kwa dawa za kutuliza uvimbe? Jambo hilo lilijaribiwa huko Marekani kuanzia mwaka 2001 kwa dawa za naproxen na celecoxib, na hazikuzuia ugonjwa. Kwa hiyo mtu asikuuzie tembe za dukani kwa ahadi hiyo. Zitakuumiza tumbo na figo bure. Iko pia dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hiyo hujibandika kwenye amiloidi ili askari waione na kuila. Hupunguza mwendo wa ugonjwa kidogo, haiponyi, inaweza kuvimbisha ubongo au kuutoa damu, na ilipotoka bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Tuiache hapo.

Tukae zaidi juu ya jambo linaloingia nyumbani kwetu kila msimu wa mvua. Mzee akishikwa na malaria, nimonia, au ugonjwa wa njia ya mkojo, viini huenda visifike ubongoni kabisa. Lakini mwili hupiga mbiu kwa njia ya damu, na askari wa ubongo huisikia. Kwa kijana, askari huamka kidogo na kutulia. Kwa mzee, na hasa aliyekwisha kuanza kusahau, askari wako macho tayari na rungu mkononi. Ile mbiu huwafanya wavuruge. Uchunguzi wa wanyama umeonyesha hivyo. Ndiyo maana shosho aliyekuwa akiwajua wajukuu wake Jumatatu, Jumatano anaongea na ukuta, hajui mchana wala usiku. Watu husema, uzee huo, mwacheni apumzike. Hapana! Kuchanganyikiwa kwa ghafla si uzee. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, apimwe damu na mkojo, apewe maji na dawa. Wengi hurudiwa na fahamu. Anayeachwa kitandani anaweza kufa, au akabaki chini kuliko alivyokuwa.

Hata virusi vya UKIMWI huingia katika askari hawa na kujificha humo. Miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 wagonjwa wengi walipotewa na akili kwa sababu hiyo. Tangu dawa za ARV zianze kutolewa kwa pamoja mwaka 1996, hali hiyo imepungua sana kwa wanaozimeza bila kukosa. Mzee anayesahau naye apimwe. Tusimwonee haya kwa sababu ya mvi zake. Daktari aangalie pia tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, na dawa nyingine anazokunywa, maana kusahau kwa namna hiyo kunatibika.

Tuna neno gumu la kusema. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa huko Kisii kwa madai ya uchawi. Hatusemi walikuwa na ugonjwa huu, hakuna aliyewapima. Lakini angalieni ni mzee yupi anayeshukiwa haraka: anayetembea usiku, anayeongea peke yake, anayeingia boma lisilo lake, anayevua nguo hadharani. Hizo ni dalili tulizozitaja leo, moja moja. Kiongozi wa kikundi akisikia mnong'ono juu ya mzee wa namna hiyo, asingoje mkutano wa mwisho wa mwezi. Amwone chifu na mhudumu wa afya ya jamii siku hiyo hiyo, na wafike nyumbani pamoja.

Na ugonjwa huu hauambukizi. Mkwe anayemwogesha mzee hawezi kuupata kwa kumshika.

Je, tunaweza kujikinga? Kwa sehemu. Wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14, wakasema kwamba karibu nusu ya dimenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yangeshughulikiwa yote. Presha na sukari zimo. Sigara na pombe nyingi zimo. Zimo pia ajali za kichwa, kwa hiyo abiria wa bodaboda avae kofia, na masikio yasiyosikia, na upweke.

Hilo la upweke ni lenu hasa. Mzee asitolewe kwenye kikundi kwa sababu hakumbuki mchango wake. Aketi, achambue maharagwe, asikilize watu. Naye anayemtunza, ambaye mara nyingi ni msichana aliyeacha shule au mkwe mmoja tu, awekewe zamu kama mnavyoweka zamu za kulimiana. Nusu siku kwa wiki inatosha kuanza: mtu wa kukaa na mzee wakati yeye anaenda sokoni, kliniki au kulala. Andikeni zamu hiyo katika kitabu cha kikundi, pamoja na jina la mwenye kufunga lango usiku.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama walioketi kule nyuma.