Miguu Isiyotulia Usiku: Kipimo cha Damu Kitangulie Sindano za Kichina

Mada ya elimu ya afya iliyotolewa kwa wakazi wa kata



Yapo maradhi yasiyoonekana mchana. Mtu hulima, huuza sokoni na kurejea nyumbani akiwa mzima. Lakini anapojinyoosha kitandani, miguu humkatalia kupumzika. Mmoja husema anahisi sisimizi wakitambaa ndani ya nyama, mwingine husema mishipa inavutwa. Akiinuka na kutembea, adha hupungua, akilala, hurudi. Usingizi humjia alfajiri, wakati kazi za kutwa zinamngoja.

Hali hiyo ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Si uvivu, wala si mkono wa jirani mwenye husuda. Tabibu Mwingereza Thomas Willis aliieleza tangu mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaichambua kwa kina katika miaka ya 1940. Hutambuliwa kwa alama nne zinazokwenda pamoja: hamu kubwa ya kusogeza miguu, hamu hiyo kuanza au kuzidi mtu anapopumzika, kupungua anapotembea au kujinyoosha, na kuzidi jioni na usiku. Ganzi au nyayo kuwaka moto kutwa nzima ni jambo jingine, na huenda likawa dalili ya kisukari.

Baadhi ya wagonjwa huitafuta nafuu katika sindano za Kichina, yaani akupancha. Tiba hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Waganga kutoka China walianza kufika Zanzibar mwaka 1964. Sindano nyembamba mno, zisizo na dawa ndani, huchomwa katika sehemu maalumu za mwili na kuachwa kwa muda kabla ya kutolewa. Mgonjwa hutakiwa kurudi mara kadhaa, na kila mara hulipa.

Je, inasaidia? Mwaka 2008 watafiti wa shirika la Cochrane walipitia tafiti 14 kuhusu akupancha na ugonjwa huu. Kumi na mbili hazikukidhi vigezo. Zikabaki mbili, zenye wagonjwa 170. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa tiba hiyo inafaa. Tafiti ndogo za baadaye zimeonesha nafuu kwa baadhi ya wagonjwa. Basi anayetaka kujaribu hana kosa. Hatari ipo katika kuanzia hapo.

Sababu ni hii. Miongoni mwa vyanzo vikuu vya miguu isiyotulia ni upungufu wa madini ya chuma mwilini. Ugonjwa huu huwapata pia wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho, na watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Baadhi ya dawa nazo huuchochea: baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramaidi, na baadhi ya dawa za sonona. Wapo pia wanaourithi katika ukoo.

Chukulia mjamzito wa miezi minane asiyelala usiku. Akiuza kuku wake ili alipie sindano, pengine atapata nafuu ya siku chache. Lakini ikiwa damu yake ni pungufu, ataingia leba akiwa na upungufu uleule, na kutokwa damu kidogo tu kwaweza kuyahatarisha maisha yake. Miguu yake ilikuwa ikitoa taarifa, na taarifa hiyo haikusomwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Mgonjwa aeleze dalili zake na kutaja dawa zote anazotumia. Apimwe wingi wa damu, na ikiwezekana feritini, kipimo kinachoonesha akiba ya chuma. Kwani akiba yaweza kupungua hata wingi wa damu ukiwa wa kawaida. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa huu, miongozo ya kitaalamu hupendekeza vidonge vya chuma feritini inapokuwa mikrogramu 75 kwa lita au chini yake. Pale kipimo kisipopatikana, mgonjwa aulize utaratibu wa rufaa.

Vidonge vya chuma visinywewe kwa kubahatisha, hasa kwa mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, kwa sababu chuma kikizidi hudhuru ini na moyo. Atakayeandikiwa asivinywe pamoja na chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa, chungwa husaidia. Maini, nyama, dagaa na maharage huongeza akiba hiyo.

Atakayeamua kujaribu akupancha baada ya vipimo azingatie mambo manne. Kwanza, aombe kuona cheti cha usajili. Kwa Tanzania Bara, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Pili, sindano ziwe mpya na zifunguliwe mbele yake, kwani sindano iliyotumika huweza kueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Tatu, aseme mapema kama ni mjamzito au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na asiache dawa za hospitali. Nne, apange mapema idadi ya mahudhurio na kuandika kila asubuhi alivyolala. Daftari lisipoonesha nafuu, aokoe fedha zake.

Sindano yaweza kungoja wiki moja. Damu pungufu haingoji. Mwenye miguu isiyotulia na aanzie zahanati.