Mdadisi Anapouliza Umekula Nini

Msikilizaji wetu wa Bariadi, mdadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu akibisha hodi, atadadisi matumizi yako kwa undani kuliko kipato. Si umbea. Mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu hushika fedha msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mara nyingi kuanzia Mei. Muulize kipato chake Januari, atakuambia hana kitu, na hakudanganyi. Lakini nyumba inakula! Michembe ya viazi vya shambani kwake, mtama wa ghalani, maziwa ya ng'ombe wake: vyote hupigiwa bei na kuandikwa kuwa matumizi, ingawa hakuna shilingi iliyotoka mfukoni. Mkazi wa Dar es Salaam, kwa upande wake, hununua hata mchicha.

Matumizi hayo ndiyo hutumika kupima umaskini. Katika utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Tanzania Bara, asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Dar es Salaam asilimia 8, Rukwa 45. Pengo hilo, kusema kweli, linatisha.

Basi ukiulizwa, taja vyote, hata kuku uliyemchinjia mgeni.