Tuutazame Mgongo wa Mtoto

Hotuba ya walimu mbele ya wazazi na wageni, Gishubi



Sisi walimu tumepewa nafasi kusema juu ya afya ya wanafunzi. Tumechagua uti wa mgongo, kwa sababu mtoto mwenye maumivu ya mgongo hasikii somo, hata mwalimu akiwa hodari namna gani.

Kwanza ni mzigo. Wote tunaijua milima ya Gitega na Muyinga: nyumba ziko juu, maji yako bondeni. Kipimo cha mashirika ya misaada ni walau lita 15 kwa mtu kila siku. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 90, yaani mabidoni manne na nusu ya lita 20. Nani anayachota? Mara nyingi ni mtoto, kabla ya kengele. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtoto wa kilo 30 akipanda mlima na bidoni la lita 20 kichwani, amebeba theluthi mbili ya uzito wake. Wataalamu hushauri mfuko wa shule usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa huyo wetu ni kilo 3 hadi 4 na nusu. Bidoni la lita 5 liko karibu na kipimo hicho. La lita 20 ni la mtu mzima.

Pili ni kupima. Daktari Mwingereza William Adams alieleza njia yake mwaka 1865, nayo haihitaji mashine. Mtoto anavua viatu, anaunganisha miguu, ananyoosha magoti, kisha anainama mbele mikono ikining'inia. Mpimaji anatazama kutoka nyuma: je, mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande wa pili? Zikiinuka, mtoto apelekwe kituo cha afya. Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike, mahali pa faragha, mzazi akikubali. Umri wa kuangalia zaidi ni miaka 10 hadi 15, mtoto anaporefuka haraka. Katika watoto 100 wa umri huo, wawili au watatu huwa na uti uliopinda, na wengi wao huhitaji kuangaliwa tena tu. Kupinda huko si uchawi wala laana, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Basi mtoto huyo asichekwe wala asifichwe nyumbani.

Tatu ni hatari kubwa zaidi: kifua kikuu cha mgongo. Ugonjwa huu haukai mapafuni tu. Mtoto akiumwa mgongo kwa majuma mengi, akipata homa jioni, akikonda, au akiota nundu katikati ya mgongo, msingoje. Miguu ikianza kulegea, ni jambo la siku hiyo hiyo. Dawa zipo, hutolewa bure katika vituo vya serikali ya Burundi, na humezwa kwa miezi mingi bila kuacha. Akicheleweshwa, mtoto anaweza kupooza.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Wazazi, mabidoni makubwa yabebwe na wakubwa. Mashirika, tuleteeni mabidoni ya lita 5 na 10, na mizani moja kwa kila shule. Na mabomba yasiwe mbali zaidi ya mita 500, kama kipimo chenu wenyewe kinavyosema. Kamati, pangeni saa za maji zisigongane na saa za masomo. Nasi walimu tutawapima wanafunzi kila muhula na kuandika katika daftari, ili muhula unaofuata tujue nani amebadilika.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Mgongo nao hutunzwa mtoto angali mdogo.