Simba wa Taifa, Mbuzi wa Mtu

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa Galula, mkoani Songwe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Chini ya mwembe nilizungumza na mzee mmoja, mzaliwa wa pale, aliyewaongoza watalii miaka mingi katika Hifadhi ya Ruaha.

Nilimwuliza siri ya kazi yake. "Mwanangu, ni kutulia," akasema. "Chui humwoni kwa kumtafuta. Sikiliza tumbili wakipiga kelele, ndipo utazame mtini. Simba akipigapiga mkia, rudi nyuma polepole ukimtazama. Ukikimbia, umejifanya kitoweo."

Alipostaafu akarudi nyumbani kufuga. Usiku mmoja chui akaingia zizini, akaua mbuzi wanne. Jirani akamletea sumu ampakie mzoga. Mzee akakataa. Sumu haichagui, akasema. Humwua chui, fisi, tumbusi, hata mbwa wa nyumbani. Badala yake akajenga zizi jipya la miti iliyobanana na kuliezeka juu, maana chui hodari wa kupanda.

Nilimsifu. Akanijibu, "Usinisifu. Mimi nilikuwa na akiba ya kununulia miti. Jirani yangu hana."

Tanzania ndiyo yenye simba wengi kuliko nchi yoyote duniani, nasi twajivuna. Lakini simba na chui ni wa taifa zima. Mbuzi ni wa mtu mmoja. Tukitaka aitupe sumu, tumsaidie kujenga zizi.

Tukutane juma lijalo.