TULIRUDI DARASANI KUJIFUNZA KUSOMA PICHA

Ndugu wanakisomo,

Mmetuita tuwaelezeni kazi yetu, nasi tumekuja kwa furaha. Sisi ni madaktari. Tunasomea ubingwa wa kusoma picha za eksirei katika hospitali moja kubwa ya mafunzo hapa Tanzania. Hospitali ya mafunzo hutibu wagonjwa, na papo hapo hufundisha madaktari.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja ametuuliza: "Ninyi si madaktari tayari? Mnasoma nini tena?" Swali zuri, mzee wetu. Basi tuanze na hilo.

Tulipomaliza sekondari tulisoma udaktari miaka 5. Halafu tulifanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi. Tukapata vyeti, tukaenda kutibu watu wilayani. Baada ya hapo tukarudi darasani kwa miaka 3 mingine. Baadhi yetu tuna watoto wanaosoma. Jioni mtoto anaandika kazi yake ya shule upande huu wa meza, na baba au mama anaandika yake upande ule. Jambo hilo mnalijua. Nanyi mlikaa darasani mkiwa watu wazima, wengine wakawacheka. Kwa hiyo leo ni wanakisomo wanaongea na wanakisomo wenzao.

HERUFI ZETU

Sasa, tunasoma nini? Tunajifunza kusoma, kama ninyi.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895 na mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen. Hakujua ni mionzi ya namna gani, kwa hiyo akaiita eksi, kama wanahesabu wanavyokiita kitu wasichokijua. Mwaka huo huo alipiga picha ya mkono wa mkewe. Mifupa ilionekana, na pete kidoleni ikaonekana.

Mionzi hiyo hupita mwilini. Mahali penye hewa, kama mapafu, hupita bila shida, na picha huwa nyeusi. Penye mfupa huzuiwa, na picha huwa nyeupe. Nyama, damu na maji huwa rangi ya kijivu. Mafuta huwa ya kijivu, lakini meusi zaidi. Chuma huwa cheupe kupita vyote. Hewa, mafuta, maji, mfupa, chuma: hizo ndizo herufi zetu. Ni tano tu.

Mtasema, "Herufi tano tu, na miaka yote hiyo!" Lakini sikilizeni. Maji yakijaa kifuani, picha huonyesha kijivu. Damu ikijaa, ni kijivu. Usaha ukijaa, ni kijivu hicho hicho. Picha haisemi ni kipi kati ya hivyo. Lazima tujue mgonjwa ana homa, au amepigwa, au amekohoa muda mrefu. Picha peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili anayo mgonjwa mdomoni.

KOSA LETU

Kila asubuhi mwalimu wetu huweka picha mbele ya wote na kumwita mmoja asome. Anayeitwa husimama. Sauti hutetemeka, jasho humtoka. Mnakumbuka siku ya kwanza mlipoitwa ubaoni? Ndivyo ilivyo kwetu. Majibu tunayoandika hukaguliwa na daktari bingwa, kwa sababu sisi bado ni wanafunzi. Tuwaelezeni kwa nini ukaguzi huo ni muhimu.

Usiku mmoja tulikuwa zamu. Aliletwa kijana mmoja mkulima. Karatasi ya daktari aliyemtuma kwetu ilisema maneno mawili tu: "Maumivu kisigino." Tukatazama picha ya mguu. Kumbe mfupa wa kisigino umevunjika! Tukafurahi kwamba tumeuona. Tukaandika majibu, tukachukua picha ya mtu mwingine.

Asubuhi mwalimu aliitazama picha ile. Hakutusifu. Alituuliza, "Huyu amevunjikaje?" Tukanyamaza. Hakuna aliyejua. "Basi nendeni mkamwulize."

Tukaenda mbio wodini. Kijana akatuambia alikuwa juu ya mwembe akichuma maembe. Tawi likakatika, akatua chini kwa miguu. Tukamwuliza, "Na mgongo je?" Akajibu, "Unauma kidogo, lakini kisigino ndicho kilichozidi. Nikaona nisiwasumbue madaktari."

Mwalimu aliposikia, aliagiza kijana alazwe chali, asiinuke, na mgongo wake upigwe picha. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imepondeka. Mtu akitua kwa visigino kutoka juu, kishindo hupanda hadi mgongoni. Vitabuni tulisoma jambo hilo. Usiku ule hatukulikumbuka, maana hatukuuliza.

Ndugu zetu, siku ile kijana alikuwa apewe magongo, apande basi, arudi kwao. Ndani ya mgongo hupita mshipa mkuu wa fahamu. Pingili iliyovunjika ikisogea, inaweza kuuumiza mshipa huo, na miguu ikapooza. Kijana yule alitibiwa na akaondoka kwa miguu yake. Lakini sisi tulikosa usingizi siku nyingi.

Kosa lilikuwa letu, si lake. Tulipata jibu moja tukaacha kutafuta. Tangu siku ile mwalimu ametuwekea sheria: ukiona ugonjwa mmoja kwenye picha, anza upya kutafuta wa pili. Na karatasi ikiwa na maneno machache, inuka ukamwulize mgonjwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kosa hilo limetufundisha sisi. Tunataka liwafundishe na ninyi. Siku utakapotumwa kupigwa picha, kumbuka mambo haya matano.

Kwanza, eleza yote. Sema ulianguka kutoka wapi, ulitua vipi, unaumwa wapi pengine. Usiseme "nisiwasumbue". Kutuambia si kutusumbua.

Pili, akina mama, semeni mapema kama mna mimba, au kama hedhi imechelewa. Semeni kabla ya picha, si baada yake. Mionzi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mara nyingi daktari atatafuta njia nyingine, kama altrasaundi. Hiyo hutumia sauti, haitumii mionzi.

Tatu, tunza picha za zamani. Mzee mmoja aliletwa kwetu akiwa na doa kwenye pafu. Tuliogopa kwamba ni saratani. Ilikuwa achomwe sindano ndefu kifuani ili kipande cha pafu kikapimwe. Mkewe akasema, "Nyumbani sandukuni kuna picha yake nyingine." Ikaletwa. Ilikuwa ya miaka 6 nyuma, na doa lilikuwa pale pale, kubwa vile vile. Lilikuwa kovu la kifua kikuu alichokwisha pona. Mzee hakuchomwa sindano. Siku hizi hospitali nyingi hutunza picha kwenye kompyuta, lakini ukipewa yako mkononi, usiikunje, usiiache juani. Iweke pakavu, na uje nayo kila uendapo hospitali.

Nne, eksirei si dawa. Wapo wanaosema, "Nimepigwa picha, sasa nitapona." Hapana. Picha huonyesha tu, haitibu. Kwa hiyo usimlazimishe daktari akupige picha asipoona haja. Lakini pia usiikimbie akikutuma. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo. Ni karibu sawa na ile tunayoipata sote kwa siku 10 kutoka ardhini na angani bila kujua. Wala mionzi ya picha haibaki mwilini.

Tano, na hili ni lenu hasa mliohitimu kisomo: soma! Ukipewa picha au karatasi ya majibu, tafuta jina lako. Je, ni lako kweli? Je, umri ni wako? Kama umeumia mguu wa kulia, je, karatasi inasema kulia? Wagonjwa ni wengi, na majina hufanana. Ukiona kosa, sema hapo hapo. Usione haya kumsahihisha daktari. Sisi wenyewe husahihishwa kila asubuhi mbele ya wenzetu.

Mzee wetu, hilo ndilo jibu la swali lako. Mwalimu wetu amesoma picha kwa miaka mingi, na bado tunamwona akisogeza kiti karibu, anatazama upya, kisha anauliza, "Mgonjwa mwenyewe amesemaje?" Ndipo anapoandika jina lake.

Tumemaliza. Kuuliza si ujinga. Haya, sasa ni zamu yenu kutuuliza.